Kodi kwa Pauni, Mkate kwa Lira

Ujumbe wa sauti wa mama mdogo ulinikuta kwenye foleni ya duka la kubadilishia fedha, Lefkoşa, mji mkuu wa Saiprasi ya kaskazini, karibu na Lango la Girne. Mkononi nilikuwa na yuro za mshahara. Nilitaka pauni za Uingereza za kumlipa mwenye nyumba, na lira za Uturuki za kununulia mkate. Juu ya dirisha kuna ule ubao wa namba nyekundu ambao wageni wa hapa huutazama kabla ya kutazama hali ya hewa.

"Baba, hujambo? Huku tunamshukuru Mungu. Sasa yule wakala wa vyuo kaja tena, kwa ajili ya mdogo wako. Anasema huko pauni mia tatu kwa mwezi kijana anapanga, anakula, na chenji inabaki. Kisiwa chenyewe anasema ni raha, bahari kila upande. Wewe si uko huko? Niambie, ni kweli?"

Nikamwandikia: shikamoo mama mdogo, nitakupigia jioni.

Jioni haikunitosha. Wala wiki ile.

Namba ninazo. Kodi naijua, bei ya mtungi wa gesi naijua, nauli naijua. Lakini kila nilipoandika jumla niliifuta, kwa sababu nilimwona mtu ambaye kwake jumla hiyo ni kweli, halafu nikamwona mwingine ambaye kwake ni uongo mtupu, na wote wawili wanaishi kwenye jengo moja na mimi.

Kila kitu na fedha yake

Kisiwa kimegawanyika: kusini ni Jamhuri ya Saiprasi, inayotumia yuro. Mimi nasemea Saiprasi ya kaskazini, ile ambayo hakuna nchi inayoitambua isipokuwa Uturuki. Watu wetu wako zaidi huku kwa sababu ya vyuo, ambavyo ni zaidi ya 20 kwenye eneo unaloweza kulizunguka kwa gari kwa siku moja. Panda basi la chuo asubuhi utasikia Kiswahili cha Mombasa, cha Dar na cha Lubumbashi, wote wanalalamikia kitu kimoja.

Ukifika, kisiwa kinakupokea kama ndugu. Chaja yako ya nyumbani inaingia ukutani bila adapta. Magari yanapita kushoto. Waingereza walitawala hapa tangu 1878 hadi 1960, na alama zao bado zipo, pamoja na hii moja ambayo wakala haitaji: nyumba huhesabiwa kwa pauni. Waturuki wengi wa Saiprasi wana ndugu London, wastaafu wa Kiingereza wamejaa mji wa pwani wa Girne na vijiji vyake vya mlimani, na mwenye nyumba hataki kusikia habari ya lira ambayo kesho haijulikani itaamkaje.

Basi karo unatajiwa kwa yuro. Kodi ni pauni. Mkate, umeme, dolmuş (daladala za huku) ya kwenda Girne na salio la simu ni lira. Ukipata kazi mkahawani, unalipwa lira. Na nyumbani wanakutumia shilingi, ambazo njiani hugeuka dola kabla hazijakufikia.

Kila zinapogeuka kuna mtu anachukua chake.

Desemba ya 2021

Mwanzoni mwa mwaka ule pauni moja ilikuwa kama lira 10. Nilikuwa nimepanga nyumba ya chumba na sebule, wenyewe huiita 1+1, kwa pauni 250. Lira 2,500, basi. Nilikuwa nahudumia meza kwenye mkahawa Girne mwisho wa juma na baadhi ya jioni, na baada ya kodi nilibakiwa na kitu cha kushika.

Kuanzia Septemba Benki Kuu ya Uturuki ikawa inashusha riba huku bei zikipanda, na lira ikaanza kuporomoka. Kaskazini haina fedha yake. Inapokea lira kama ilivyoamuliwa Ankara, na wanaoishi huku hawaulizwi.

Tarehe 20 Desemba pauni ilipita lira 24. Nyumba ileile, na bomba lake lilelile linalovuja, ikawa lira 6,000. Usiku huo Rais Erdoğan akatangaza kwamba serikali itafidia akiba za lira zikipoteza thamani mbele ya fedha za kigeni, na kabla hapajakucha pauni ilikuwa imerudi kwenye lira 17 hivi. Tulikuwa wengi jikoni kwa rafiki mmoja, kila mtu na simu yake, tunaita namba kwa sauti kama waliokuwa wakisikiliza mpira redioni. Jamaa mmoja wa Bukavu, aliyekuwa anasomea famasia, akasema amepata nafuu ya mwezi mzima wa kazi bila kuinuka kwenye kiti. Tukacheka. Asubuhi tukakumbuka kwamba hata hiyo 17 ni karibu mara mbili ya tulikoanzia.

Mshahara wangu ulipandishwa baadaye. Kima cha chini hupandishwa mara kwa mara huku, hilo niwape haki yao. Ila ubao hubadilika kila saa, na mshahara husubiri kikao.

Ghorofa ya chini yetu alikaa bibi mmoja Mwingereza, mjane, anayeishi kwa pensheni ya kwao. Kwake Desemba ile ilikuwa mwezi wa neema. Bei za dukani zilikuwa bado hazijaufikia ubao, kwa hiyo kila pauni yake ilijaza kikapu. Alinipandishia keki ya machungwa. Akasema haelewi kwa nini watu wanalalamika sana, maisha kisiwani hayajawahi kuwa mepesi hivi.

Hakuwa mkatili. Alikuwa anasema kweli.

Keki niliila. Ilikuwa tamu.

Pauni mia tatu za nani?

Ilinichukua muda kukubali kwamba wakala wa mama mdogo pengine hasemi uongo. Nilitaka sana awe mwongo, ingekuwa rahisi kumjibu mama. Lakini mkikaa watatu au wanne kwenye nyumba ya 3+1 iliyo mbali na katikati ya mji, mkapika wali na maharage kwenye sufuria moja, mkatumia basi la bure la chuo, kuna miezi ambayo pauni mia tatu zinafika mwisho. Nimewaona wanaofanya hivyo.

Ni miezi ya katikati. Wakala anauza mwezi wa katikati.

Mwezi wa kwanza ni mwingine kabisa. Wenye nyumba wengi hawachukui kodi ya mwezi mmoja kutoka kwa mwanafunzi mgeni. Wanataka ya miezi sita, wengine ya mwaka. Juu yake amana ya mwezi mmoja, na dalali naye mwezi mmoja. Chukua kodi ya pauni 250: miezi sita ni 1,500, amana 250, dalali 250. Pauni 2,000 zimeondoka na hujanunua hata godoro. Amana nayo, mkataba ukiisha, ina tabia ya kupata doa la ukutani ambalo hukuliona.

Halafu karatasi. Bima ya afya kila mwaka, kibali cha ukaazi kila mwaka. Kibali kinategemea usajili wa chuo, usajili unategemea karo, na karo ni yuro. Kijana ambaye baba yake amechelewa kuuza mahindi kule Mbeya hasajiliwi. Asiposajiliwa hapati kibali, na bila kibali inaanza kuhesabiwa faini ya kila siku aliyokaa. Nimewaona wengi wakinasa hapo. Hawakushindwa kununua chakula. Walishindwa kuwa na tarehe sahihi kwenye karatasi, na kuanzia hapo wanafanya kazi za kujificha, kwa mwajiri anayejua vizuri kwamba hawawezi kwenda kulalamika popote.

(Na ule ufadhili wa asilimia 50 ambao wakala anautaja kwa sauti ya kunong'ona, kana kwamba kamwonea huruma mwanao peke yake? Karibu kila mgeni niliyesoma naye alikuwa nao. Hiyo ndiyo bei. Ile nyingine ni ya kuandikwa.)

Jambo la mwisho ambalo mtu wa pwani hawezi kuliwazia akiwa kwao ni baridi. Kisiwa cha jua, ndiyo, na mapaa yote yamejaa mapipa ya kuchemshia maji kwa jua, maji ya moto bure tangu Aprili. Ila Januari jua hilo halitoshi. Nyumba zimejengwa kwa ajili ya joto: sakafu ya vigae, kuta zinazovuja unyevu, ukungu mweusi nyuma ya kabati. Utawasha kiyoyozi kipulize joto, na bili itakuja. Umeme mwingi wa huku unatokana na mafuta mazito yanayoletwa kwa meli, kwa hiyo na wenyewe una uhusiano na ubao. Nilipitisha msimu mmoja wa baridi nikisomea maktaba mpaka wanafunga. Wasimamizi walinisifu kwa bidii.

Upande wa pili wa ubao

Baadaye nilipata kazi ya kuandika programu kwa kampuni ya Ulaya, ya kufanyia nyumbani, mshahara kwa yuro, na kibali changu nikakibadilisha. Sikuhama nyumba. Kodi ilikuwa imeshafika pauni 400, yaani imepanda sana, na bado nilijiona nimepumua.

Ndani ya miezi michache nilianza kuongea kama yule bibi. Rafiki alikuja kutoka Dar, tukala samaki bandarini Girne, chini ya ile ngome, nikalipa, nikasikia mdomo wangu ukisema: "Hapa maisha si ghali bwana, ukijipanga."

Ukijipanga! Nilikuwa sijajipanga na chochote. Nilibadilishiwa fedha tu.

Neno hilo lilinikera kwa muda mrefu, na nadhani ndilo lililonifanya nishindwe kumjibu mama mdogo. Nilijua kwamba chochote nitakachosema kitakuwa ni bei ya mtu mwenye yuro, kitatoka kinywani mwa mpwa anayeaminika, na kitamwingia kijana atakayekuja kulipwa lira.

Ningeishia hapo ningekuwa na maelezo mazuri: tazama mtu analipwa fedha gani, utajua kisiwa ni ghali au rahisi kwake. Shida ni kwamba miaka hii miwili mitatu maelezo hayo yameanza kunivunjikia mkononi.

Mwanzoni mwa 2025 pauni ilikuwa kama lira 44. Kwa hesabu yangu ya zamani, mwenye pauni angekuwa sultani. Sivyo. Bei za dukani zilikimbia kuliko ubao. Bidhaa nyingi zinakuja kwa meli kutoka Uturuki, kule nako bei zinapaa, na hapa zinaongezewa usafiri, ushuru na faida ya kila aliyezigusa. Juu yake kuna kasino za Girne, ambazo zinaleta watu wa Uturuki tangu nchi yao ilipozifunga za kwao mwaka 1998, na minara mipya ya pwani ya İskele, ghorofa juu ya ghorofa, inayouzwa kwa pauni kwa watu wa Urusi, Iran, Israel na kwingineko. Anayekuja kununua nyumba nzima hagombani na bei ya kahawa.

Bibi wa ghorofa ya chini ameacha kusifu. Siku hizi anavuka kwenda kusini kununua jibini na dawa ya meno.

Wanaovuka

Vituo vya kuvukia vilifunguliwa 2003, na kile cha Mtaa wa Ledra, katikati kabisa ya mji, 2008. Lira ilipoanguka, watu wa kusini walikuja kwetu kujaza petroli na kununua nguo. Foleni ya magari kwenye kituo cha Metehan ilikuwa haina mwisho. Sasa bei zilipogeuka, ni watu wa kaskazini wanaorudi na mifuko ya supamaketi za kusini. Kisiwa kimoja kina bei mbili, na mwenye akili ananunua upande ulio rahisi wiki hiyo.

Mwenye akili, na mwenye kitambulisho.

Mimi niliingilia Ercan, uwanja wa kaskazini, kwa pasipoti ya Tanzania. Kwa macho ya Jamhuri ya Saiprasi huo si mlango. Kwa hiyo jibini ya kusini iwe rahisi au iwe ghali, hainihusu. Bibi wa Kiingereza ananyoosha pasipoti, anapita. Mturuki wa Saiprasi mwenye kitambulisho cha Jamhuri anapita, na wengine hufanya kazi huko kila siku, wanalipwa yuro, jioni wanarudi kulala. Mwanafunzi wa Nairobi anabaki kwenye soko moja, na soko moja likijua huna pa kwenda linakuhesabia bei hiyo.

Sisemi kusini ni peponi. Kima cha chini cha mshahara huko kilianzishwa 2023 tu, kikafika yuro 1,000 kwa mwezi mwaka 2024, na wafanyakazi wa majumbani, ambao wengi ni wanawake wa kigeni, hawamo ndani yake. Kodi za mji wa Limassol ziliruka pale kampuni na matajiri wa Urusi na kwingineko walipohamia baada ya vita vya Ukraine. Wapo Wakongomani walioanza huku kwetu kama wanafunzi, karo ikawashinda, wakavuka usiku na kuomba hifadhi, wakapokelewa kwenye kambi ya Pournara. Sikuwahi kumsikia hata mmoja akisema alivuka kufuata bei nafuu.

Nilichomwambia mama

Nilimpigia siku ya Jumapili, baada ya ibada yao. Nikaanza na lira, nikaingia kwenye pauni, nikafika kwenye riba za Ankara. Alinivumilia. Halafu:

"Baba, sikukuuliza habari za Uturuki. Nimekuuliza mwanangu atakula nini."

Nikavuta pumzi, nikamwambia hivi. Mtoto asipande ndege mpaka uwe na karo ya mwaka mzima kwa yuro na pauni elfu mbili za nyumba pembeni, zote mkononi, si za kutarajia. Baada ya hapo mhesabie pauni mia nne kwa mwezi, si mia tatu, na usiweke hata senti moja ya kazi atakayopata huku kwenye hesabu hiyo. Akipata kazi, hela yake ni ya viatu.

Kimya kidogo.

"Hiyo nyumba inalipwa pauni, na huko si Uingereza?"

"Ndiyo, mama."

"Kama binti yangu alivyopanga Unguja. Dola mbele, mshahara shilingi nyuma."

Nilikuwa nimehangaika wiki zote hizo kutafuta namna ya kulieleza jambo ambalo yeye alishalilipia. Nikamkumbusha kwamba Tanzania sasa, kwa kanuni za mwaka 2025, ni marufuku kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Akasema amesikia, na kwamba dalali wa binti yake naye amesikia, sasa anataja shilingi baada ya kupiga hesabu ya dola kwenye simu.

Alimaliza kwa kuuliza kama mimi nakula vizuri. Uamuzi wake hakuniambia. Najua tu kwamba aliporudi wakala, alimtaka aandike kwenye karatasi ni malipo gani yatakuwa kwa fedha gani, na wakala akasema atarudi na maelezo. Nasikia bado hajarudi.

Mwenzangu wa hapa

Baada ya simu ile nilidhani jambo limenitoka kichwani. Likarudi kwa mlango mwingine.

Ninakunywa kahawa na jamaa mmoja, Mturuki wa Saiprasi, mzaliwa wa Lefkoşa. Ana umri kama wangu, ana mke na mtoto mdogo, anafundisha shule binafsi, analipwa lira. Wanaishi chumba cha nyuma kwa wazazi wake. Tulikuwa tunalinganisha kodi, au tuseme mimi nalalamika juu ya yangu, naye akaniuliza kwa upole kabisa nalipa kiasi gani.

Nikamtajia.

Akasema kabla sijahamia pale kwangu, mwaka mmoja kabla ya ndoa yake, aliwahi kuiangalia nyumba ya ghorofa ileile. Wakati ule ilikuwa pauni 200, na alishindwa kwa sababu hakuwa na za miezi sita kwa mkupuo. Mwenye nyumba, ambaye ni mtu wa kijiji cha mama yake, alimwambia hana haraka, wanafunzi wa kigeni wanakuja Septemba.

Yule mwanafunzi wa Septemba ni mimi. Kodi yangu ya miezi sita ilitoka kwenye shamba la baba yangu, na wakati ule nilijiona mnyonge kuliko wote kisiwani.

Hakunilaumu. Alisema wanafikiria yeye atafute nafasi ya kufundisha kusini, mke wake abaki huku, maana kitambulisho anacho. Au waende London kwa mjomba. Akaniuliza kama kampuni yangu inaajiri watu wasiojua kuandika programu. Nilimwambia nitauliza, na nimeuliza, hawaajiri.

Mkataba wangu unaisha mwezi ujao. Mwenye nyumba ameshatuma ujumbe: pauni 500, kwa sababu, anasema, jengo jipya la jirani wanalipa hivyo. Yuro zangu zinaweza kuifikia, kwa kujikaza. Nikikubali, hiyo ndiyo itakuwa bei ya ghorofa nzima, maana mpangaji anayefuata ataonyeshwa mkataba wangu kama mimi ninavyoonyeshwa wa jirani. Nimemwandikia 430, kwa malipo ya mwaka mzima mkononi. Ameisoma, hajajibu.